"Stelingi Hafi": Msuko wa Filamu ya Kifantasia ya Mapambano na Ngano za Mlima Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msuko wa filamu ya kifantasia ya mapambano kwa kuulinganisha na msuko wa ngano za zimwi zinazosimuliwa Nyeri na katika miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya. Filamu mbili zilizotoka mwaka 2018, Black Panther na Supa Modo, zimeteuliwa kwa uchanganuzi. Hoja kuu ni kwamba filamu ya kwanza inafuata mkondo ambao hadhira ya ngano iliufahamu tangu zamani, ilhali ya pili inauanza mkondo uo huo kisha inauvunja pale shujaa anapokabiliwa na adui asiyeweza kushindwa. Makala yanahitimisha kwamba mwanafunzi anayetambua hatua za msuko bila kueleza kazi ya kila hatua hajahakiki bado.

Utangulizi

Miongoni mwa watazamaji wa filamu za mapambano katika Afrika ya Mashariki kuna kauli iliyokwisha kuwa kama kanuni: stelingi hafi. Stelingi ni mhusika mkuu, yule anayepigwa mwanzoni na kupiga mwishoni. Anaweza kupigwa risasi, kutupwa mtoni au kufungiwa katika nyumba inayoungua, lakini mtazamaji hatetereki kwa kuwa anajua atarudi. Kauli hii hutamkwa kwa mzaha, na pengine ndiyo sababu wahakiki hawajaipa uzito unaostahili. Kwa hakika, ni kauli ya kinadharia. Inadai kwamba tanzu fulani ina sheria, kwamba sheria hiyo inatawala mpangilio wa matukio, na kwamba hadhira inaifahamu kabla ya hadithi kuanza.

Swali linalozuka ni hili: sheria hiyo ilitoka wapi, na ni nini hutokea inapovunjwa? Ili kulijibu, ni lazima kwanza dhana ya msuko ifafanuliwe, kisha itazamwe katika ngano, na hatimaye katika filamu zenyewe.

Dhana ya Msuko

Wahakiki wa Kiswahili hutumia istilahi msuko au ploti kwa maana ya mpangilio wa matukio kwa misingi ya sababu na matokeo. Msuko hutofautishwa na hadithi. Hadithi ni matukio yote kwa mfuatano wa wakati. Msuko ni namna matukio hayo yanavyoteuliwa, yanavyopangwa na yanavyofungamanishwa. Mtu akisema kwamba mhunzi aliondoka na zimwi likaja, amesimulia hadithi. Akisema kwamba zimwi lilikuja kwa sababu mhunzi aliondoka, ameanza kusuka.

Aristotle aliweka msingi kwa kudai kwamba kazi kamilifu ina mwanzo, kati na mwisho. Katika karne ya 19, Gustav Freytag aliufafanua msuko wa tamthilia kwa umbo la piramidi: utambulisho, kukua kwa mgogoro, kilele, kushuka kwa mgogoro na matokeo. Naye Vladimir Propp, katika utafiti wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, alibainisha majukumu 31 ya wahusika ambayo hufuatana kwa utaratibu maalumu ingawa si yote hujitokeza katika kila ngano. Jukumu la kwanza katika orodha yake ni kuondoka kwa mmoja wa jamaa nyumbani. Baadaye mhalifu husababisha madhara au upungufu, shujaa hutoka kuuziba, husaidiwa, hupambana, hushinda na kurejea.

Faida ya mtazamo wa Propp ni kwamba unatenganisha jukumu na mhusika. Jambo la msingi si nani anatenda, bali tendo lenyewe linachangia nini katika safari ya hadithi. Nukta hii itakuwa na umuhimu mkubwa hapo mbele.

Ngano ya Mhunzi na Zimwi

Eneo la Nyeri lina historia ndefu ya ukusanyaji wa fasihi simulizi. Padri C. Cagnolo wa shirika la Consolata alichapisha mjini Nyeri, mwaka 1933, kitabu kuhusu mila, desturi na simulizi za Wagikuyu. Mwaka 1988, Wanjiku Mukabi Kabira na Karega Mutahi walitoa utafiti wao kuhusu fasihi simulizi ya Agikuyu. Hata hivyo, ngano zenyewe hazikungoja vitabu. Mojawapo inayofahamika sana katika nyanda hizi ni ile ya mhunzi, mkewe na zimwi, yaani irimũ. Masimulizi hutofautiana, lakini kiini chake ni kimoja.

Mhunzi anakwenda mbali kufua chuma na kumwacha mkewe mjamzito. Zimwi linafika nyumbani, na mama anapojifungua, zimwi ndilo linalomkunga. Kisha linapika chakula, linamwonyesha mzazi kana kwamba linamkaribisha, na kabla hajanyoosha mkono linakila lenyewe. Siku zinapita na mama anadhoofika. Siku moja anaona njiwa anayetamani mbegu zake za mbarika. Wanapatana: njiwa atapewa mbegu, naye atapeleka ujumbe. Njiwa anaruka hadi kiwandani na kuimba. Wahunzi wanamfukuza, anaimba tena. Hatimaye mhusika anautambua ujumbe, anarudi nyumbani kwa siri, anajificha na kuliua zimwi.

Ngano hii inathibitisha mambo matatu. Kwanza, kila tukio lina sababu ndani ya ngano. Zimwi halizuki tu. Linaingia katika nafasi iliyoachwa wazi na mwenye nyumba. Pili, taharuki haitokani na swali la iwapo zimwi litakufa, kwa kuwa hadhira imeshaisikia ngano mara nyingi. Inatokana na mwendo wa wakati: je, mhunzi atafika kabla mama hajaisha? Wimbo wa njiwa unaorudiwarudiwa unaichelewesha hadithi mahali ambapo msikilizaji anatamani iende mbio. Tatu, mapambano yenyewe ni mafupi mno. Pigo moja linatosha. Uzito wa ngano umewekwa katika njaa ya mama na safari ya njiwa, si katika mkuki.

Msingi huu haujafa. Mwaka 2018, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha kwa Kigikuyu utendi wa Kenda Mũiyũru, uliotafsiriwa naye mwenyewe kwa Kiingereza na kutoka mwaka 2020. Tafsiri hiyo iliteuliwa katika orodha ndefu ya tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2021, ikiwa kazi ya kwanza iliyoandikwa awali kwa lugha ya Kiafrika kufikia hatua hiyo. Katika utendi huo, mabinti wa Gikuyu na Mumbi wanaongoza wachumba 99 katika safari ya kutafuta dawa ya Warigia, ndugu yao mdogo asiyeweza kutembea. Njiani wanapambana na njaa, hofu na mazimwi, na idadi ya wachumba inapungua. Hapa pia upungufu ndio unaoanzisha safari, lakini shujaa si mmoja. Ni kundi, na tena kundi linaloongozwa na wanawake.

Banda la Video na Mtambaji Mpya

Kati ya fanani wa ngano na skrini ya sinema alisimama mhusika mwingine muhimu: msimulizi wa filamu. Katika miaka ya 1990 na 2000, mabanda ya video yalikuwa jambo la kawaida katika miji ya Kenya, na miji ya mlimani kama Nyeri, Karatina na Nanyuki haikuwa tofauti. Kwa malipo madogo, mtazamaji aliona filamu za Hong Kong, India na Marekani. Nyingi zilikuwa katika lugha asizozijua. Ndipo wasimulizi walipojitokeza, nchini Kenya akavuma DJ Afro, na nchini Tanzania Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Uganda nayo ilikuwa na wasimulizi wake.

Msimulizi wa aina hii hatafsiri neno kwa neno. Anasimulia juu ya sauti ya filamu kwa Kiswahili cha mtaani, anawabandika wahusika majina, anabashiri, anakejeli, anaonya. Mara nyingi humtambulisha stelingi mapema, kabla filamu yenyewe haijaamua kumtambulisha. Kwa kufanya hivyo anabadilisha msuko bila kukata hata picha moja. Siri ambayo mwongozaji aliikusudia ifichuke katika dakika ya 80 inafichuliwa katika dakika ya 10, na taharuki inahama kutoka "nani?" hadi "vipi?" na "lini?" Hii ndiyo hali ileile ya hadhira ya ngano ya mhunzi. Kwa hiyo kauli ya stelingi hafi si ushahidi wa uvivu wa mtazamaji. Ni masharti ya burudani yake: ameondolewa hofu ya mwisho ili aufaidi mwendo.

Black Panther: Sheria Inapotiiwa

Filamu ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler, ilitolewa Februari 2018, na Mkenya Lupita Nyong'o akaigiza nafasi ya Nakia. Msuko wake unaweza kugawika katika hatua zinazotambulika kwa urahisi. T'Challa anarithi ufalme baada ya kifo cha baba yake. Anathibitishwa kwa pambano la maporomoko ya maji dhidi ya M'Baku. Mgogoro unakua anapokwenda kumsaka Klaue na kumkosa. Killmonger anafika Wakanda akiwa na maiti ya Klaue, anadai haki yake ya damu, anapigana na T'Challa penye maporomoko yaleyale na kumtupa chini. Shujaa anahesabiwa kuwa amekufa. Baadaye anaokotwa, anahuishwa, anarudi, anapambana na kushinda.

Hatua ya kutupwa maporomokoni ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. Hiki ni kifo bandia cha shujaa, na katika filamu za aina hii hutokea mara nyingi kabla ya pambano la mwisho. Kazi yake ni mbili. Inalipa jamii muda wa kuonja maisha bila mlinzi wake, kama vile nyumba ya mhunzi ilivyoonja. Pia inamlazimisha shujaa arudi akiwa mtu tofauti na yule aliyeanguka. T'Challa anahifadhiwa katika theluji ya milima ya Wajabari. Mtazamaji wa Nanyuki, mji ulio kwenye mstari wa ikweta chini ya kilele cha Batian chenye mita 5,199, hahitaji kuelezwa kwamba barafu na jua la Afrika vinaweza kukaa pamoja. Katika theluji hiyo T'Challa anazungumza na wazee wake waliokufa na kuwakemea kwa kosa lao la kumtelekeza mtoto wa ndugu. Akirudi, hapigani tu na Killmonger, bali pia na hatia iliyomzaa Killmonger.

Ndiyo sababu filamu haikomi adui anapokufa. Inaendelea hadi T'Challa anapoifungua Wakanda kwa ulimwengu. Upungufu halisi haukuwa kiti cha enzi kilichotekwa, bali mlango uliofungwa. Kanuni ya stelingi hafi imetiiwa, lakini imetumikishwa: kurudi kwa shujaa kuna maana kwa kuwa amerudi na jambo jipya.

Supa Modo: Sheria Inapovunjwa

Mwezi huohuo wa Februari 2018, filamu ya Supa Modo ya mwongozaji Mkenya Likarion Wainaina ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Berlin. Baadaye Kenya iliiwasilisha kuwania tuzo ya Oscar. Filamu hii yenye urefu wa dakika 74 inamhusu Jo, msichana wa miaka 9 anayependa filamu za Jackie Chan na za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Jo ana ugonjwa usiotibika. Mama yake, ambaye ni mkunga, anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini ili siku zake za mwisho zipite nyumbani. Mama anataka mtoto apumzike. Dada yake, Mwix, hakubali Jo azimalize siku hizo kitandani. Anamwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu, kisha anawashawishi wanakijiji washiriki katika uongo huo mtakatifu. Watu wazima wanasimama tuli kana kwamba Jo amesitisha wakati.

Hadi hapa msuko unafuata njia ya kawaida: upungufu, msaidizi, nguvu mpya, majaribio. Linganisha na ngano. Ndani ya nyumba hii pia limeingia zimwi linalomla mtoto taratibu mbele ya macho ya mama, tena mama ambaye kazi yake ni kuwapokea watoto duniani. Mwix ndiye njiwa: anaruka kutoka mlango hadi mlango akitafuta atakayesikia. Tofauti ni kwamba hakuna mhunzi. Hakuna mkuki unaoliua zimwi hili.

Ugeuko wa filamu unatokea inapobainika kwamba Jo anafahamu kuwa nguvu zile si za kweli na kwamba atakufa. Huu ni utambuzi kwa maana ya Aristotle, lakini umepinduliwa. Kwa kawaida shujaa ndiye anayejua mwisho asichokijua mwanzo. Hapa waliodhani wanamficha mtoto ndio wanaogundua kwamba wao ndio waliokuwa wakifichwa. Tangu hapo lengo la msuko linabadilika. Swali si tena kama Jo ana nguvu, bali kama kijiji kinaweza kumfanyia jambo la kweli. Wanaamua kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Jo anafariki kabla ya filamu hiyo kuonyeshwa, na kijiji kinaitazama bila yeye. Stelingi amekufa, wala hakufufuliwa kwa mitishamba.

Kilele kiko wapi? Mhakiki anaweza kukiweka kwenye kifo, kwa kuwa ndilo tukio zito zaidi. Uamuzi huo una kasoro. Kifo cha Jo kimejulikana tangu mwanzo; hakibadilishi mwelekeo wa tendo lolote. Kilele ni mahali ambapo mgogoro unalazimika kuchukua njia moja na kuacha nyingine, na mahali hapo ni utambuzi. Kabla yake, mama na Mwix wanavutana kati ya kumlinda mtoto na kumfurahisha. Baada yake, mvutano huo hauna nguvu tena, kwa sababu Jo mwenyewe ameonyesha kwamba hahitaji kudanganywa ili awe jasiri. Onyesho la mwisho ni utatuzi.

Linaweza kuzuka pingamizi kwamba Supa Modo si filamu ya kifantasia ya mapambano hata kidogo, bali ni tamthilia ya kifamilia inayoazima vazi la shujaa. Pingamizi hili lina mashiko iwapo utanzu unapimwa kwa idadi ya makonde. Likipimwa kwa msuko, linadhoofika. Ngano ya mhunzi ina pigo moja tu, na hakuna anayeiondoa katika ngano za zimwi. Zaidi ya hayo, mtazamo wa Propp unasaidia hapa. Iwapo jukumu si mali ya mhusika mmoja, basi jukumu la ushujaa linaweza kuhama. Katika nusu ya kwanza liko kwa Jo kwa jina tu. Katika nusu ya pili linakwenda kwa kijiji kizima, kama lilivyo kwa mabinti wa Mumbi wanaosafiri kwa ajili ya Warigia. Tofauti chungu ni kwamba Warigia anatafutiwa dawa, na Jo anatafutiwa hadithi.

Je, Kuvunja Sheria ni Jambo Geni?

Isidhaniwe kwamba kifo cha shujaa ni uvumbuzi wa sinema ya kisasa. Fasihi ya Kiswahili inamjua Fumo Liyongo, shujaa asiyeingiwa na silaha, aliyeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijuma mwaka 1913, Liyongo anakufa akiwa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mwili wake unaendelea kutenda kazi ya ushujaa baada ya roho kutoka. Vivyo hivyo picha ya Jo inaendelea kuruka juu ya kitambaa cha sinema ilhali mwenyewe hayupo. Kwa hiyo kauli ya stelingi hafi inahitaji kurekebishwa: mwili wa stelingi waweza kufa, mradi jukumu lake lisife.

Hitimisho

Uchanganuzi huu umeonyesha kwamba ngano ya zimwi, Black Panther na Supa Modo zinashiriki kiunzi kimoja: upungufu, msaidizi, jaribio, mapambano na utatuzi. Hata hivyo, kufanana huko si hitimisho bali ni mahali pa kuanzia. Mwanafunzi anayechora piramidi na kuyabandika matukio juu yake amefanya kazi ya karani. Anapaswa kuuliza: upungufu halisi ni upi, na je, ndio uliozibwa? Nani anabeba jukumu la shujaa katika kila hatua? Hadhira ilijua nini kabla, na ujuzi huo uliipeleka wapi taharuki?

Maswali hayo yanawahusu hasa wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vilivyo karibu na mlima, kama vile Chuo Kikuu cha Karatina na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Wasimuliaji wa ngano wa Mathira, Tetu na Othaya wanazidi kupungua, nayo mabanda ya video hayana tena nafasi yaliyokuwa nayo zamani. Kukusanya namna wazee walivyouchelewesha wimbo wa njiwa, na namna wasimulizi wa filamu walivyomtangaza stelingi mapema, ni kazi ya utafiti inayoweza kufanywa kwa kinasa sauti na subira. Isipofanywa, utabaki utaratibu wa hatua vitabuni, na sababu zilizozipa hatua hizo uhai zitasahaulika.